Maswali ya Wasomaji: Bahari ya Lamu na Pato la Taifa

Katika toleo lililopita tulichapa makala fupi iliyoeleza kwamba uvuvi wote wa Kenya, ukijumlisha bahari, maziwa, mito na mabwawa ya kufugia samaki, huchangia chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Tangu siku hiyo tumepokea barua nyingi kutoka Lamu na Malindi, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinategemea jibu lake.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nilipomsomea babangu makala yenu alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: ikiwa uvuvi ni chini ya asilimia moja, sisi hapa tunaishi kwa nini? Sikuwa na jibu. Je, hesabu hiyo ni ya kweli, au wanaohesabu hawajafika huku kwetu?
*Msomaji wa Faza, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Hesabu ni ya kweli na swali la babako ni la haki. Nitakueleza yanavyowezekana yote mawili.

Pato la taifa halijumlishi mauzo yote ya nchi. Linajumlisha thamani iliyoongezwa katika kila hatua, yaani bei ya kilichouzwa ukiondoa gharama ya vitu vilivyonunuliwa ili kukipata. Tuseme, kwa mfano tu, mashua ya babako imeingia Faza na samaki wa shilingi 30,000. Mafuta ya mashine yalikuwa 9,000, barafu 2,000 na chambo 1,000. Kinachoingia katika safu ya uvuvi ni zile shilingi 18,000 zilizobaki, ambazo ndizo zinazogawanywa kati ya chombo, nyavu, nahodha na mabaharia wake. Samaki huyo huyo akivushwa hadi Mokowe na kupakiwa kwenye gari la kwenda Mombasa, thamani inayoongezeka huandikwa chini ya usafirishaji na biashara. Akikatwa minofu kiwandani, huandikwa chini ya viwanda. Akipikwa kwa tui katika hoteli ya Malindi na kuandaliwa mgeni, huandikwa chini ya hoteli na mikahawa. Mama karanga aliyenunua samaki wa shilingi 3,000, akatumia mafuta, kuni na viungo vya 1,000, kisha akauza wote kwa 5,500, ameongeza thamani ya shilingi 1,500 kwa jua moja, na huenda hakuna daftari lolote lililomwona.

Kuna pia kitoweo. Kwa kanuni, hesabu za taifa zinapaswa kujumuisha hata chakula ambacho mzalishaji anakula mwenyewe. Lakini nani amewahi kusimama Mbwajumwali au Kiwayu akapima changu na tafi wanaotolewa chomboni na kwenda moja kwa moja jikoni, au wale wanaopewa jirani mjane kabla mizani haijafunguliwa? Chakula hicho ni uchumi. Kingekosekana, fedha zingelazimika kutafutwa ili kununua nyama au maharagwe kutoka bara, na hapo ndipo taifa lingeiona hasara yake.

Halafu kumbuka kwamba asilimia ile ni ya nchi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti ya Lamu, kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47. Jambo linaloweza kulisha kisiwa chenu kizima cha Pate linaweza kuwa dogo sana likiwekwa kando ya chai, maua, benki na majengo ya Nairobi. Hata ndani ya uvuvi wenyewe bahari ni mdogo wake ziwa, kwa kuwa kwa miaka mingi Ziwa Victoria limekuwa likitoa zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa nchini.

Hayo ni maelezo ya hesabu, na ningeweza kuishia hapo. Lakini babako amenigusa, na ningependa umwambie pia kwamba sehemu ya udogo huo haitokani na kalamu ya mtu yeyote. Inatokana na thamani inayopotea kweli kati ya ndoana na sahani.

Kaskazi iliyopita, yaani msimu wa upepo wa kaskazini, nilisimama asubuhi karibu na mizani ya soko la samaki mjini Amu (Lamu). Mashua moja ilileta nguru kumi na mmoja. Wanane walikuwa wamefukiwa katika barafu ndani ya kasha, macho yao yakiwa meusi na maangavu, na matamvua mekundu kama yaliyofunuliwa saa ile ile. Watatu walikuwa wamekosa nafasi kashani, wakalazwa juu ya mbao chini ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Mnunuzi alimbonyeza mmoja wao kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale. Wale wanane waliuzwa kwa bei kamili. Watatu wakachukuliwa kwa nusu bei, wakapasuliwe na kutiwa chumvi wawe ng'onda. Mvuvi hakubishana hata neno. Bahari ilikuwa ile ile na mafuta yaliyochomwa yalikuwa yale yale, lakini zaidi ya robo ya mavuno yake ilipoteza nusu ya thamani kwa sababu ya kasha dogo.

Samaki wetu akikaa katika joto la nyuzi 30, huanza kuharibika katika saa chache. Akizikwa mara moja katika barafu ya kutosha, ambayo kwa pwani ya joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki, anaweza kukaa wiki mbili au zaidi akiwa bado anafaa kuliwa. Kwa jodari na nguru jambo hili ni la afya pia, kwa maana wakiachwa katika joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, inayomfanya mlaji awashwe, aumwe na kichwa na kutapika. Histamini haiondolewi na moto wala chumvi. Shehena ikipimwa na kupatikana na kiwango kikubwa, soko la ng'ambo huikataa yote. Kwa hiyo mtu anapozungumzia mauzo ya nje na fedha za kigeni, kwa hakika anazungumzia barafu, umeme wa kuitengeneza na maji safi ya kuigandisha, na ni vitu hivyo vitatu vinavyokosekana au kuwa ghali katika visiwa vyetu.

Matokeo yake unayaona kila mwaka. Katika kaskazi, bahari inapotulia na mashua zinapoweza kutoka nje ya miamba, samaki hujaa na bei huanguka. Inapofika kusi, msimu wa upepo wa kusini, mawimbi huzuia vyombo vidogo kutoka, bei hupanda, na hakuna aliyeweka akiba. Wakati huo huo Kenya huagiza samaki waliogandishwa kutoka China, na hapa kwetu mtu mmoja hula chini ya kilo 5 za samaki kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni karibu kilo 20. Wateja wapo ndani ya nchi, mwanangu. Chumba cha baridi cha kuwaunganisha na kaskazi ya Faza ndicho kinachokosekana.

Ndugu Mhariri, mume wangu ni mvuvi na mimi ni mama karanga. Nyavu na mashine tulipewa na tajiri, na tangu hapo samaki wote wanapelekwa kwake kwa bei anayoitaka. Nasikia Mombasa samaki ni ghali sana. Mbona sisi hatuoni faida hiyo? Je, serikali isiwapige marufuku matajiri?
*Msomaji wa Malindi*

Pole, dada yangu. Malalamiko yako nimeyasikia kutoka Vanga hadi Kiunga, nami nayachukua kwa uzito. Hata hivyo, naomba tumtazame tajiri kwa makini kabla ya kumpiga marufuku.

Tajiri hufanya kazi tatu kwa pamoja. Ni mkopeshaji, kwa sababu benki haikubali mashua na nyavu ziwe rehani. Ni msafirishaji, kwa sababu ndiye mwenye kasha, barafu na gari. Na ni bima, kwa maana kusi ikifika na mtoto akiugua, mlango unaobishwa ni wake. Malipo ya kazi zote hizo ameyaficha ndani ya bei moja, ile ya kilo ya samaki. Ndiyo maana huwezi kujua ni kiasi gani cha kile anachokukata ni riba, kiasi gani ni nauli, na kiasi gani ni kukuonea tu. Ukimwondoa bila kumweka mtu au chama cha kufanya kazi zile, samaki watalala diko, pale mashua zinapowashusha, wakiharibika.

Kinachoweza kukusaidia ni kuzitenganisha kazi hizo moja baada ya nyingine. Anzeni na deni. Ombeni liandikwe kwa shilingi, pamoja na kiasi kinachopungua kila wiki, na nakala mojawapo ikae kwako. Nimeona familia iliyokuwa ikidhani ina deni la maisha ikigundua, baada ya kuandika kwa miezi minne, kwamba mashine ilikwisha kulipiwa. Kisha barafu. Kikundi cha akina mama kumi wanaoweka akiba pamoja kinaweza kununua kasha la maana na kuwauzia wavuvi nafasi ndani yake, na mvuvi mwenye samaki aliyehifadhiwa anaweza kusubiri mnunuzi wa pili. Mwenye samaki anayeoza hawezi kusubiri mtu. Usafiri ndio mgumu zaidi na huhitaji chama cha ushirika chenye hesabu safi. Hapo sitakudanganya: vyama vingi vya pwani vimevunjwa na viongozi wake wenyewe, na uaminifu ukishapotea, wavuvi hurudi kwa tajiri kwa hiari yao.

Mimi ni nahodha wa miaka mingi. Usiku, tukiwa mbali na pwani, tunaona taa za meli kubwa kama mji. Tunaambiwa zinavua jodari. Ni za nani, na taifa letu linapata nini?
*Msomaji wa Kizingitini, Lamu*

Nahodha, sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 huipa kila nchi ya pwani haki ya kusimamia rasilimali hadi maili 200 za baharini kutoka ufuo wake. Kwa Kenya, ukanda huo ni takriban kilomita za mraba 142,000. Karibu wavuvi wetu wote huvua katika ukingo wake wa ndani kabisa, kati ya mikoko na miamba, kwa vyombo visivyoweza kukaa nje kwa siku nyingi. Maji ya mbali ndiko jodari wanakopita, na wanaowafuata huko ni hasa meli za mataifa ya nje. Kuna zinazotumia nyavu kubwa za kuzungushia kundi zima, ambazo nyingi ni za Ulaya au zimesajiliwa Shelisheli, na kuna zinazotandaza mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana, ambazo nyingi hutoka Asia. Zenye leseni huwa halali. Zisizo nayo ni wezi wa mali ya umma. Mtu aliye katika mashua hawezi kutofautisha kwa kutazama taa.

Faida ya taifa hutegemea meli hiyo inatia nanga wapi baada ya kuvua. Ikiwa imelipa leseni tu na kuondoka, nchi inapata ada, ambayo ni sehemu ndogo ya thamani ya samaki. Ikishusha samaki katika bandari yetu, wapakuzi hupata ujira, na wauzaji wa mafuta, maji na chakula hupata biashara, na mafundi wa nyavu na mitambo vilevile. Viwanda navyo hupata samaki wa kutia makoponi. Watazame Shelisheli. Visiwa vile vina watu kama laki moja, wachache kuliko kaunti yako ya Lamu, lakini bandari ya Victoria ni kituo kikuu cha meli za jodari katika Bahari ya Hindi, na jodari wa makopo ndiye anayeongoza katika bidhaa wanazosafirisha nje. Namibia nayo, ilipopata uhuru mwaka 1990, iliyakuta maji yake yamevuliwa kupita kiasi na meli za kigeni. Ikatangaza ukanda wake, ikapunguza uvuvi huo, kisha ikatoa haki za kuvua kwa masharti ya kuajiri raia na kuchakata samaki nchini.

Kenya imeanza kuweka misingi. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ilipitishwa mwaka 2016, na Huduma ya Walinzi wa Pwani ikaanzishwa 2018. Lakini sheria inahitaji mafuta ya kuendeshea boti za doria, na jodari ni samaki mhamaji asiyejua mpaka, kwa hivyo viwango vya kumvua hujadiliwa na nchi nyingi pamoja katika Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake huko huko Victoria. Nyinyi wa Kizingitini mna jambo la ziada. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na serikali ya Kenya ikaukataa uamuzi huo. Nahodha anayeelekea kaskazini mwa Kiunga anapaswa kulikumbuka hilo kila anapong'oa nanga.

Je, ni kweli kwamba meli za kuvua kamba kwa kukokota nyavu ziliwahi kusimamishwa katika ghuba ya Ungwana? Mbona zimerudi?
*Msomaji wa Ngomeni*

Ni kweli. Zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi wa muda mrefu na wavuvi wadogo, ambao nyavu zao zilikuwa zikikatwa, na ambao waliona samaki wadogo wengi wakitupwa baharini wakiwa wamekufa kwa sababu aliyetafutwa ni kamba peke yake. Baadaye uliandaliwa mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba unaoweka umbali wa kukaa kutoka ufuoni na msimu wa kufunga, na chini ya mpango huo meli chache zikaruhusiwa tena. Tope linaloletwa na mito ya Tana na Sabaki ndilo linaloifanya ghuba hiyo kuwa tajiri kwa kamba, na tope hilo liko karibu na pwani, mnapovua nyinyi. Kwa hiyo kila maili ya umbali ina maana. Meli ikionekana ndani ya mpaka, andikeni tarehe, saa, jina na nambari yake, kisha mpeleke taarifa kwa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, na kwa ofisi ya uvuvi.

Naandika kumbukumbu za BMU yetu. Kila siku napima samaki na kujaza daftari, na wavuvi wenzangu wananicheka kwamba natumikia karatasi. Bandari mpya imejengwa, maeneo yetu ya uvuvi yamechimbwa, na hakuna aliyetuuliza daftari hili. Lina faida gani?
*Msomaji wa Lamu*

Ndugu yangu, wewe ndiye niliyetaka kumjibu mwisho.

Ujenzi wa bandari ya Lamu katika ghuba ya Manda ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Ili meli kubwa ziingie, mkondo ulichimbwa kwa kina, tope likatawanyika juu ya matumbawe na nyasi za bahari, na mikoko ikakatwa mahali ambapo kamba na samaki wachanga hujificha. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo kilichoguswa pale ni kitalu cha samaki. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uamuzi ule ulitamka waziwazi kwamba uvuvi wa kienyeji una thamani inayoweza kupotezwa, na kwamba anayeipoteza anastahili kulipwa.

Ili kulipwa ni lazima kwanza kuhesabiwa. Nani ni mvuvi? Alikuwa akivua wapi, kwa chombo gani, na alipata kilo ngapi kabla ya mkondo kuchimbwa? Mtu asiye na maandishi hujibu maswali haya kwa mdomo, na mdomo wa mvuvi hupimwa dhidi ya makabrasha ya wahandisi. Takwimu zako hupanda kutoka diko hadi kaunti, na kutoka kaunti hadi taifa, na ndizo zinazoamua ile asilimia iliyomnyamazisha mzee wa Faza. Diko ambalo halikuandikwa kwa mwezi mzima linaweza kuonekana Nairobi kama diko ambalo halikuvua.

Kwa hiyo naomba uongeze safu chache ikiwa daftari lako halina. Mbali na kilo na bei, andika aina ya samaki kwa jina lake: tewa, pono, kolekole, songoro, pweza. Usiandike "mchanganyiko" isipokuwa umeshindwa kabisa. Andika aina ya mtego, ikiwa ni mshipi, malema au jarife, pamoja na idadi ya mabaharia na saa walizokaa baharini, kwa maana kilo 40 za watu wawili kwa saa 5 si sawa na kilo 40 za watu sita kwa usiku mzima, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha mapema kwamba samaki wanapungua. Andika pia waliouzwa kwa nusu bei na sababu yake. Na kabla vikapu havijaondoka kuelekea majumbani, waombe wavuvi wakuruhusu kupima kitoweo.

Karatasi yako ya mwezi huu, ukipenda, nitumie nakala yake bila majina ya watu. Ningependa kuiona safu ya kitoweo imejazwa.